Shule ya harambee ni shule ya aina gani?

Nchini Kenya, shule ya harambee ni sekondari iliyoanzishwa na wananchi wenyewe: wao ndio waliotoa kiwanja, mawe na mabati, na karo yao ndiyo iliyolipa walimu. Zilichipuka kwa wingi baada ya uhuru wa 1963, kiongozi wa nchi Jomo Kenyatta alipoifanya harambee, yaani kuvuta pamoja, kuwa wito wa taifa. Waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi, nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali chache mno, na wazazi hawakukubali kungoja.

Mwenendo huo ulikuwa na mizizi. Baada ya mzozo wa 1929 na wamishonari kuhusu tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi walizihama shule za misheni wakajenga zao, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange, msomi wa Kikuyu, akafungua chuo cha ualimu Githunguri, huko Kiambu. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, serikali ya kikoloni ilikifunga.

Siku ya mchango, mgeni rasmi, mara nyingi mbunge au waziri, aliketi mbele ya umati huku jina la kila mchangaji na kiasi alichotoa vikisomwa kwa sauti. Asiye na pesa alileta kuku au mkungu wa ndizi, ukapigwa mnada papo hapo. Haikuwa hiari tupu: kuna machifu waliodai mchango kama wanaodai kodi.

Katikati ya miaka ya 1970, sekondari zisizopata msaada wa serikali zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi. Karo ilikuwa kubwa, walimu wengi hawakuwa na mafunzo, na pasipokuwa na maabara, fizikia ilifundishwa kwa chaki tu. Hata hivyo ziliwapokea wasichana wengi ambao shule za serikali hazikuwa na nafasi yao, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofanya. Miaka ya 1980 nyingi ziliingizwa katika mfumo wa serikali.

Kosa la mpango wenyewe lilikuwa kwamba uwezo wa kuchanga haukuwa sawa. Mkoa wa Kati ulikuwa na kahawa, chai na watu wenye mishahara Nairobi. Wafugaji wa Wajir na Mandera, kaskazini mashariki, waliotoka katika vita vya Shifta (vita vya miaka ya 1960 vya Wasomali waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia) na kuingia katika ukame, walihitaji serikali iwajengee, lakini serikali iliwasaidia kwanza waliokwisha kujenga.