Je, wajua kwa nini dereva huiona taa ya bodaboda na bado huikatia njia?

Treni ya usiku inapoingia Tabora, mahali ambapo reli hugawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, abiria hutoka stesheni na mabegi yao, bodaboda huwashwa karibu kwa pamoja, na kwa dakika chache barabara za kuelekea Ipuli na Cheyo hujaa taa mojamoja zinazokwenda kasi. Ajali za saa kama hizo huwa na maelezo yanayojirudia: mwenye gari aliyekunja kulia mbele ya pikipiki husema hakuiona, ilhali taa yake ilikuwa inawaka. Dereva mmoja wa lori nilipomuuliza kuhusu jambo hilo alinijibu bila kujitetea sana: "Taa huwa naiona, mwanangu. Ila najua bado iko mbali."

Jibu hilo lina ukweli mwingi kuliko linavyosikika. Gari lina taa mbili zilizoachana kwa zaidi ya mita moja, na kadiri linavyokaribia, nafasi iliyo kati ya taa hizo hupanuka machoni mwa anayelitazama. Kwa upanukaji huo ubongo hukadiria umbali na mwendo, bila mtu mwenyewe kujua kwamba anapiga hesabu. Pikipiki ina taa moja yenye upana wa sentimita 15 hivi. Ikiwa umbali wa mita 100 ni nukta, na ikifika mita 50 ni nukta iliyokua kidogo tu. Mchana dereva angesaidiwa na umbo zima la chombo, mpandaji wake, abiria na miti ya kandokando anayoipita, lakini usiku hayo yote yamemezwa na giza. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza mita hizo 100 kwa sekunde 6, muda ambao lori lenye mzigo laweza kuuhitaji karibu wote ili kumaliza kukunja.

Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Royal Holloway nchini Uingereza walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mwanga wa mazingira unapopungua, watu huzidi kukosea kukadiria mwendo wa pikipiki yenye taa moja, na kwamba taa tatu zilizopangwa kwa pembetatu hupunguza kosa hilo. Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wa vijiweni, ambao hutumia fedha zao kwa vimulimuli vya rangi. Kimulimuli huvuta jicho, lakini hakimwambii mtu chombo kiko umbali gani. Taa mbili ndogo zisizopepesa, zikifungwa kulia na kushoto kwenye vyuma vya kukinga injini, hufanya pembetatu na taa kubwa, na humpa dereva wa mbele kile hasa anachokikosa.

Kosa hilohilo humgeukia pia mwenye bodaboda anapokutana na gari chongo. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari lililozimika taa ya kulia huonekana kama pikipiki iliyojibana pembeni kabisa mwa barabara, kumbe kando ya taa hiyo moja, upande wa katikati ya barabara, kuna zaidi ya mita nzima ya bati.

Upande wa nyuma una tatizo jingine. Rangi ya njano au ya chungwa kwenye kizibao cha reflekta hung'aa mchana kwa sababu huchochewa na miale ya jua, na usiku rangi hiyo husaidia kidogo sana. Kazi ya usiku hufanywa na ile mistari ya kijivu, ambayo ina chembe ndogo mno za kioo, au vipande vidogo vya pembepembe, vinavyourudisha mwanga kulekule ulikotoka. Ni rahisi kulithibitisha: simama hatua ishirini kutoka kwenye kizibao gizani, ukiwa umeweka tochi ya simu karibu na jicho, na mistari itawaka, kisha mpe mwenzako tochi aende nayo hatua kadhaa pembeni, na mistari ileile itafifia mbele yako. Vumbi jekundu la kiangazi huziba chembe hizo, na anayekifua kizibao kwa brashi ngumu huzikwangua.

Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba waendesha pikipiki waliovaa mavazi ya kung'aa au ya kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia ajalini iliyo ndogo kwa asilimia 37, na waliovaa helmeti nyeupe kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wenye helmeti nyeusi.

Lakini tazama bodaboda ikiondoka stesheni na abiria. Kizibao kiko kwa dereva, na mgongo wake umefunikwa na mama aliyejitanda kitenge cha rangi nzito, mwenye begi mapajani. Nyuma yake limefungwa furushi lililoning'inia hadi likaifunika nusu ya taa ya breki. Gari linalowafuata halioni hata mstari mmoja wa reflekta. Nimewahi kumwona dereva mmoja tu aliyekuwa na kizibao cha pili chini ya kiti. Alikikung'uta vumbi, akamkabidhi abiria wake akisema, "Vaa hiki, mama, wewe ndiye uliye nyuma."