Kwa nini Uingereza hupunguza kodi ya anayekwenda kazini kwa baiskeli?

Je, wajua kwamba mfanyakazi wa Uingereza anaweza kupata baiskeli mpya kwa pesa pungufu, na mwenye duka asipunguze hata senti moja? Anayeachia pesa hapo ni serikali.

Mpango huo, Cycle to Work, unatokana na Sheria ya Fedha ya mwaka 1999. Mwajiri hununua baiskeli, pamoja na kofia ngumu, taa na kufuli, kisha humkodisha mfanyakazi. Malipo ya kukodi hukatwa kwenye mshahara kabla ya kupigiwa hesabu kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa, na nafuu yote inatokana na mpangilio huo.

Chukua baiskeli ya pauni 1,000, inayolipwa kwa miezi 12. Kila mwezi hukatwa kama pauni 83 kwenye mshahara ghafi. Kwa mtu wa England anayelipa kodi asilimia 20 na bima asilimia 8, pauni 23 kati ya hizo zingekwenda serikalini vyovyote vile. Anachopungukiwa mkononi ni pauni 60 tu. Mkataba ukiisha, baiskeli bado ni mali ya mwajiri. Ukiitaka, unalipa kulingana na thamani iliyobaki. Ulizia gharama hiyo kabla ya kusaini.

Serikali nayo inapata nini? Zaidi ya yote, hewa. Usafiri ndio sekta inayoongoza kwa gesijoto nchini humo, na kila lita ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za kaboni dioksidi. Safari fupi za asubuhi zina ubaya wake wa ziada. Masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi, hayafanyi kazi sawasawa mpaka yapate joto la nyuzi mia kadhaa. Anayeendesha kilomita mbili tatu kwenye baridi ya Januari huzima gari masega yakiwa ndiyo kwanza yanapata moto, na sumu yote imebaki mtaani, mbele ya watoto wanaokwenda shule. Gari la umeme halina moshi, lakini vumbi la matairi liko palepale.

Kuna jambo linaloniuma katika mpango huu. Makato hayaruhusiwi kuushusha mshahara chini ya kima cha chini cha kisheria. Kwa hiyo mfagizi au mhudumu wa wazee anayelipwa kima hicho anafungiwa mlango, ilhali bosi wake anayelipa kodi ya asilimia 40 ndiye anayeokoa zaidi: baiskeli ileile humgharimu kama pauni 48 kwa mwezi.

Ubelgiji wana njia ninayoiona ya haki zaidi. Mwajiri hulipa posho kwa kila kilomita ambayo mfanyakazi amekwenda kazini kwa baiskeli, na posho hiyo haitozwi kodi hadi kikomo kilichowekwa. Hapo kinachohesabiwa ni kilomita, si ukubwa wa mshahara.