Distro ya Linux ni nini, na uchague ipi

Ukimuuliza mtu wa Linux kompyuta yake inatumia nini, mara nyingi hasemi Linux. Atakwambia Mint, au Debian, au Fedora. Hizo ndizo distro, na mgeni huchanganyikiwa papo hapo: alikuja kutafuta mfumo endeshi mmoja, anapokewa na majina chungu nzima.

Kwa maana ya kiufundi, Linux yenyewe ni kerneli tu, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa na kuwasiliana na diski, kibodi na kadi ya Wi-Fi. Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kerneli peke yake haikufungulii hata dirisha moja. Inataka programu nyingine juu yake: zile za GNU, mradi wa programu huru ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, mfumo wa madirisha, kivinjari, programu za ofisi, na kisakinishi cha kuviweka vyote kwenye diski. Distro ni mkusanyiko wa vitu hivyo vilivyojaribiwa vikiwa pamoja, vikafungwa katika vifurushi, na vikawa na watu wanaoendelea kuvisasisha. Watu hao kwa kawaida sio walioandika programu zenyewe, na kazi yao haionekani mpaka siku sasisho likiharibu kitu.

Majina ni mengi kwa sababu leseni inaruhusu. Kerneli iko chini ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuchukua msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye awaachie wengine haki hiyohiyo. Ndiyo maana distro huzaa distro. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ikajengwa juu yake na kutoka Oktoba 2004. Mint nayo ikajengwa juu ya Ubuntu mwaka 2006. Wapo wanaosema wingi huu ndio unaoikwamisha Linux. Sikubaliani nao, maana distro nyingi kati ya hizo mgeni hana haja hata ya kuzisikia.

Jambo linalowapoteza wengi ni kuchagua kwa sura. Sura unaweza kuibadilisha: GNOME, KDE Plasma na Xfce, yaani programu zinazochora menyu na madirisha unayoyaona, zinapatikana karibu kwenye kila distro kubwa, na Xfce ndiyo ninayompa mtu mwenye mashine iliyozeeka. Tofauti yenyewe iko kwenye ghala la programu na ratiba ya matoleo.

Tuseme unataka GIMP ya kuhariri picha. Kwenye Ubuntu, Mint au Debian unafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

sudo apt install gimp

Hapo apt inasoma orodha ya ghala, inaangalia GIMP inategemea vifurushi gani, inashusha vile ambavyo huna, inahakiki kwamba ni vilevile vilivyoidhinishwa na watunza ghala kwa saini ya kidijitali, kisha inasakinisha. Hukutafuta faili kwenye tovuti usiyoijua, na GIMP hiyo itasasishwa pamoja na mfumo mzima. Lakini ukiwa kwenye Fedora amri hiyo haina kazi. Huko ni dnf, na kwenye Arch ni pacman. Ndiyo sababu maelekezo ya rafiki yako wakati mwingine yanakataa kwako ingawa nyote mnasema mnatumia Linux.

Ratiba nayo si ndogo. Ubuntu ya msaada wa muda mrefu (LTS) hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na hupewa masasisho kwa miaka mitano, namba 24.04 maana yake ni Aprili 2024. Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita. Arch haina matoleo kabisa, inasasishwa mfululizo, na anayeitumia lazima awe tayari kusoma kabla ya kusasisha.

Sasa uchague ipi? Chagua ile wanayotumia watu unaoweza kuwauliza. Kwa anayeanza, kuwa na mwenzake anayejua amri zilezile na makosa yaleyale kunazidi ubora wowote unaotajwa kwenye orodha za kulinganisha distro. Vikundi vya watumiaji vinalijua hili, ingawa navyo vina tabia mbaya ya kumgeuza mgeni kuwa mwamuzi wa ubishi wao: amekuja na laptopu, anaondoka na hoja za Arch dhidi ya Debian. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wageni wengi ni wenye mashine nzima ambazo Windows 11 inazikataa. Hao waulizwe kwanza wanafanyia nini kompyuta. Anayeishi kwa Photoshop aambiwe ukweli kwamba Adobe haijaitengenezea Linux programu hiyo. Wa kivinjari, barua na majedwali atakuta Firefox na LibreOffice, na hatabanwa sana.

Kabla ya kusakinisha, washa distro kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu sauti, printa, kufunga kifuniko na kukifungua tena, na hasa Wi-Fi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kadi isipoonekana, andika:

lspci -k

Tafuta kadi yako ya mtandao kwenye orodha. Kama chini yake hakuna mstari wa "Kernel driver in use", kerneli haijapata draiva ya kuiendesha. Nakili jina kamili la kadi na umpelekee mwenzako wa distro hiyohiyo, kwa sababu jibu mara nyingi ni kifurushi kimoja kutoka kwenye ghala lake.