Pikapu ya kazi ya kuvuta karavani: yanayosemwa yadi na yaliyoandikwa kwenye kibati

Wanunuzi wengi wa pikapu Dar es Salaam wanaitaka ifanye kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa ibebe saruji na mabomba ya saiti, kisha mwisho wa wiki ivute karavani, yaani tela la kulala safarini, kwenda Bagamoyo, Mikumi au Iringa. Gari la namna hiyo lipo, ila ukilichagua kwa maneno ya yadi peke yake utalipia baadaye, kwa klachi iliyoungua, chesisi iliyopinda au tela lililokushinda barabarani.

"Hii inavuta tani tatu na nusu, wewe funga tu"

Kilo 3,500 ni namba ya kweli kwa matoleo mengi ya Ford Ranger, Isuzu D-Max na Toyota Hilux ya 2.8, mradi tela liwe na breki zake. Tatizo ni kwamba namba hiyo haisemi chochote kuhusu mzigo uliomo ndani ya pikapu yenyewe.

Fungua mlango wa dereva au inua boneti, utafute kibati cha uzito. Pikapu zilizotoka Uingereza huwa na mistari minne: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limepakia, wa pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, wa tatu ni ekseli ya mbele na wa nne ekseli ya nyuma. Kama kibati hakina mstari wa gari na tela kwa pamoja, utafute kwenye kitabu cha gari. Mstari huo ndio unaoamua, na karibu hakuna muuzaji anayeutaja.

Piga hesabu kwa mfano. Pikapu tupu ina kilo 2,100, ikipakia mwisho wake ni 3,050, na pamoja na tela mwisho ni 5,850. Ukifunga tela la kilo 3,500, gari lote linabakiwa na kilo 2,350. Toa zile 2,100 za gari tupu, zinabaki 250. Humo ndani mna dereva, mke, watoto, jokofu, maturubai na bampa ya chuma uliyofungiwa na mafundi wa Gerezani. Watu wazima watatu peke yao wamekwishakula zaidi ya kilo 200. Kwa mzigo wa kawaida wa familia na vifaa, karavani ya kilo 2,000 hadi 2,500 ikiwa imejaa ndiyo inayoendana na pikapu ya aina hii.

Tunasema ikiwa imejaa kwa sababu uzito wanaotaja wauzaji wa karavani ni wa tela tupu. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 15 unafika kilo 30 hivi ukihesabu na chuma chake. Ongeza betri, magodoro, vyombo na tairi la akiba, na tela lililoandikwa kilo 1,800 linafika 2,200 bila mtu kushtuka. Kabla ya kununua pikapu, peleka tela likiwa limepakiwa kama la safari kwenye mzani wa kiwanda au wa wanunuzi wa vyuma chakavu, ulipime.

"Mkono wa tela ukiwa mzito nyuma ya gari, hamishia mizigo nyuma ya tela"

Ushauri huu ni wa hatari. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela inatakiwa ikalie gololi ya kuvutia, kile kichwa cha duara nyuma ya gari ambapo tela hufungwa. Ikipungua sana, tela huanza kupiga mkia ukifika kilomita 80 kwa saa au likipitwa na basi. Likianza kuyumba, achia mafuta taratibu, shika usukani wima, na kama breki za tela zina swichi ya mkono zibonyeze hizo peke yake. Usiongeze mwendo kutafuta kulinyoosha, wala usikanyage breki ya gari kwa nguvu.

Uzito huo wa kwenye gololi nao una madhara makubwa kuliko unavyoonekana. Hilux ya sasa ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na gololi hukaa mita moja na robo hivi nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiweka kilo 200 pale, ekseli ya nyuma inapokea kama 280, na ya mbele inapunguziwa 80. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zinapoteza mshiko. Ndiyo maana mstari wa nne wa kibati unaweza kujaa wakati gari kwa jumla bado lina nafasi.

"Ongeza majani ya springi, itabeba"

Springi ngumu huinua mkia wa gari, na hapo watu huona tatizo limekwisha. Chesisi, ekseli, beringi na breki ni zilezile, na kibati hakijabadilika. Mifuko ya hewa inayofungwa kati ya springi na chesisi huzidisha hatari, kwa kuwa inasukuma sehemu moja ya chesisi huku mzigo wa tela ukivuta mwisho wake kwenda chini. Dabo kebini, yaani pikapu za kebini mbili, zilizojazwa mizigo nyuma ya ekseli hupinda hapo hapo, kati ya kebini na bodi. Ukikagua gari lililotumika, simama pembeni uangalie uwazi kati ya kebini na bodi: ukiwa mpana juu kuliko chini, au kinyume chake, liache. Kwa gari lililokaa pwani, ingia na chini ugonge chesisi kwa nyundo ndogo kutafuta kutu.

Kama kazi yako ya wiki ni mizigo mizito na abiria ni wawili, pikapu ya kebini moja ni chaguo bora kuliko watu wanavyodhani: yenyewe ni nyepesi, na bodi yake ndefu huweka mzigo mbele ya ekseli ya nyuma.

"Injini kubwa ndiyo inayovuta"

Land Cruiser ya 4.2 isiyo na turbo, ile ya 1HZ, ina msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, wa nyutoni-mita 285. Hilux ya 2.4 yenye turbo inafika 400. Kupanda mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, na tela, Hilux itakuwa na kasi zaidi. Land Cruiser inaheshimiwa kwa chesisi na ekseli zake na kwa injini rahisi kutengeneza, na hizo ni sababu za kutosha za kuinunua.

Kwa gia, otomatiki imesingiziwa mengi. Kurudisha karavani nyuma kwenye mchanga wa Kigamboni kwa gia ya mkono ni kuchoma klachi. Kwenye Hilux ya 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020, otomatiki ndiyo iliyopewa msokoto wa 500, ya mkono ikabaki na 420. Adui wa otomatiki ni joto: funga kipoza mafuta ya giaboksi na ubadilishe mafuta hayo mapema. Kwenye rejeta weka kulanti. Maji ya visima vyetu vya Dar mengi yana chumvi, na chumvi hula aluminiamu.

"Fundi atachomelea gololi kwenye bampa"

Chuma cha kuvutia hufungwa kwenye chesisi kwa bolti zenye alama 8.8 au zaidi, kwenye matundu ya kiwandani. Bampa ya bati haikuumbwa kwa kazi hiyo. Angalia pia saizi: gololi ya milimita 50 na ya inchi mbili zinatofautiana kwa milimita isiyofika moja, lakini gololi ndogo ndani ya kikombe kikubwa cha tela, kile kinachoifunika gololi, hugonga na inaweza kuchomoka kwenye tuta, na kubwa haikai sawasawa kwenye kikombe kidogo.

"Breki za gari zinatosha"

Nchi nyingi zinaishia kilo 750 kwa tela lisilo na breki, na kwa mteremko wa Kitonga huo ni mpaka wa busara. Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka.

Tairi nalo lisome ubavuni. Alama 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Pikapu nyingi za yadi zimevalishwa tairi za magari madogo ili zing'ae. Soma na tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo halifai kuvuta karavani juani hata kama kashata zake, yaani meno ya mpira, bado ni ndefu.