Je, uzee humfanya mtu asiridhike?
Hapa Dodoma, mzee akisukuma kando sahani ya ugali wa uwele na mlenda, husemwa kwamba uzee umemfanya asiridhike na chochote. Dhana hiyo si sahihi, tena inaumiza. Tafiti za Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, zimeonyesha kwamba kadiri watu wanavyozeeka, kwa kawaida hasira na wasiwasi wao hupungua, kwa kuwa huchagua kutumia muda uliobaki pamoja na wachache wawapendao. Kinachofifia mara nyingi ni uwezo wa kunusa na kuonja, hata mboga iliyoungwa vizuri kwa karanga ikaonekana haina ladha. Baadhi ya dawa nazo huchangia. Mzee aliyeanza kunung'unika ghafla apelekwe kituo cha afya, kwani huenda ana maumivu au sonona.