Masaa Yaliyopotea Baada ya Kuona Mwanga Angani: Kabla Hujajaza Pengo, Soma Hapa

Watu wanaokuja na hii stori mara nyingi wameikalia miezi, saa zingine miaka, sababu wanaogopa kuchekwa. Na stori zenyewe zinafanana sana, alikua anaendesha gari usiku, akaona mwanga asiouelewa, halafu ghafla yuko kilomita nyingi mbele na saa inasema alfajiri, katikati hapo hakumbuki chochote. Mimi kazi yangu ni magonjwa ya kumbukumbu, ndo ninayoshughulika nayo kila siku, na nasema mapema kabisa kwamba sioni sababu ya kumwita mtu kama huyu muongo. Pengo analo kweli. Ninachobishana nacho ni kile kinachowekwa ndani ya pengo, na haraka ambayo watu wanaliwekea kitu.

Kisa ambacho karibu visa vyote vya aina hii vinakifuata, hata msimuliaji asipojua, ni cha Betty na Barney Hill, mke na mume wa Marekani waliokua wanarudi nyumbani kwao Portsmouth, New Hampshire, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Septemba 1961. Waliona mwanga kama unawafuata, wakawa wanasimama simama kuuangalia, Barney akashuka na darubini, akashikwa na hofu kubwa, akarudi garini mbio wakaondoka, wakafika nyumbani kunakucha. Sasa hapa ndo watu wengi wanaparuka: ile habari ya masaa kupotea haikuanza siku ile. Ilikuja Novemba, miezi miwili baadaye, walipohojiwa na watu wanaofuatilia mambo ya UFO, yani vitu visivyotambulika angani, wakaulizwa mbona safari ilikua ndefu hivo, wakapiga hesabu ikagoma. Na kabla ya hapo, siku kama kumi tu baada ya safari, Betty alikua ameanza kuota mfululizo kwamba wamekamatwa wakaingizwa kwenye chombo, akaziandika hizo ndoto, akazisimulia. Mwaka 1964 wakaanza kufanyiwa hipnosisi, yani kutulizwa mpaka mtu anakua kama nusu usingizini kisha anaulizwa maswali, na Benjamin Simon, daktari wa akili wa Boston, na humo ndimo stori kamili ya kutekwa ikatoka. Huyo Simon mwenyewe hakushawishika kwamba walitekwa, aliona ni ndoto za Betty zimegeuka kumbukumbu na Barney kazipata kwa kuzisikia.

Ukisoma kwa mpangilio huo wa tarehe unaona kitu cha muhimu sana, yani pengo lilipatikana kwa hesabu, baadaye. Na ubongo kwenye hesabu ya muda ni dhaifu mno, maana tukiangalia nyuma tunapima muda kwa matukio tunayoyakumbuka. Barabara nyeusi, mistari ile ile, injini inavuma, hakuna tukio la kushika, kwa hiyo masaa mawili yanabaki kama dakika ishirini. Ongeza uchovu na vile visinzio vya sekunde chache ambavyo dereva mwenyewe hata havitambui. Unashika usukani, unakata kona, unapunguza mwendo, vyote kwa mazoea, na hakuna kilichoandikwa.

Kuandika huko kunategemea sana sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, pande zote mbili usawa wa masikio, inaitwa hipokampasi. Hili tulijifunza kwa uchungu kutoka kwa Mmarekani Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili, na tangu hapo mpaka anafariki 2008 alikua anaongea vizuri, ana akili zake, lakini mtu akitoka chumbani akarudi baada ya muda, kwake ni mgeni. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akawa macho, anatembea, anajibu, na bado asibaki na chochote kichwani.

Kuna hali inayotokea zaidi kwa watu wa kati ya miaka 50 na 70 ambapo hipokampasi inagoma kwa masaa kadhaa halafu inarudi. Ukikaa na mgonjwa wakati huo huwezi kuisahau. Anakujua, anajua jina lake, gari anaweza kuliendesha, lakini anakuuliza "tumefikaje hapa?", unamjibu, anaitikia vizuri, dakika mbili hazijaisha anauliza tena kwa sauti ile ile na uso ule ule wa wasiwasi, "tumefikaje hapa?" Inaweza kuanzishwa na mshtuko mkubwa wa hisia, kazi nzito, au kuingia ghafla kwenye maji ya baridi. Kwa kawaida haivuki masaa 24, na akishapona yale masaa hayarudi tena, sababu hayakuandikwa popote. Hebu fikiria mtu kama huyo alikua peke yake njiani na kitu cha mwisho anachokumbuka ni taa angani.

Halafu kuna kifafa kisicho na kuanguka wala povu. Kinaanzia pembeni mwa ubongo, mtu anahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, pengine harufu ya ajabu ambayo wengine hawaisikii, au hisia kwamba hapa nilishawahi kuwepo, kisha anakodoa macho, anatafuna tafuna, anachezea kifungo cha shati, dakika moja au mbili, na baada ya hapo anakua amechanganyikiwa kwa muda. Hawa wengi wanaambiwa wana mapepo au wametembelewa, wakati dawa zipo na zinasaidia. Pombe nyingi nayo inafuta kumbukumbu huku mtu anaongea na kucheka, dawa za usingizi pia, kugongwa kichwa, sukari kushuka, na moshi wa gari unaovuja ndani.

Wale ambao yao yanatokea kitandani ni suala jingine. Mwili wakati wa ndoto unafungwa misuli, sasa ukizinduka kabla haijafunguliwa unakua macho huwezi kusogea, kifua kizito, na kuna mtu chumbani unamhisi kabisa. Ndo hilo jinamizi, na kwa makadirio watu 8 hivi kati ya 100 limeshawakaba angalau mara moja.

Sasa kujaza pengo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikua na mwendo gani yalipogongana, wengine 50 wakaulizwa yalipopondana. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kundi la kwanza 7 walisema ndio, kundi la pili 16, na kwenye filamu kioo kilichovunjika hakikuwepo. Neno moja tu! Mwaka 2002 Susan Clancy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard wakawapa watu wanaosema walitekwa na viumbe wa anga mtihani wa maneno, ule ambao unasomewa kitanda, mto, uchovu, kusinzia, koroma, kisha unaapa ulisikia "usingizi" wakati halikutajwa. Waliteleza zaidi ya wengine. Lakini naomba msilichukue hilo kuwakejeli, maana mwaka 2004 Richard McNally na wenzake walipima watu kama hao wakisikiliza simulizi zao wenyewe, na mapigo ya moyo na jasho la viganja vilipanda kwelikweli. Hofu yao ni ya kweli hata kama tukio halikuwepo.

Ndo maana hipnosisi kwa ajili ya "kurudisha" masaa yaliyopotea naipinga waziwazi. Chama cha madaktari wa Marekani kilishasema tangu 1985 kwamba kumbukumbu zinazotolewa hivo zinaweza kuwa za kubuni, na mtu anatoka hapo ana uhakika kuliko alivyoingia. Ukishafika hapo hata mimi nikikupima, kutenganisha ulichoona na ulichoulizwa inakua kazi ngumu mno.

Kwa hiyo likikutokea, siku hiyo hiyo, kabla hujamsimulia mtu wala kutafuta chochote intaneti, andika au jirekodi kwenye simu: kitu cha mwisho unachokumbuka, cha kwanza baada ya pengo, ulilala masaa mangapi, ulikula nini, ulikunywa nini, dawa gani. Angalia simu yako, meseji, picha, namba ulizopiga, maana mara nyingi inaonyesha ulikua unafanya nini muda huo. Kama kuna mtu alikuona muulize "nilikuaje?", mwache aongee, usimpe majibu. Uende hospitali siku ile ile kama kuna kichwa kuuma vibaya, mkono au mguu kulegea, ulimi umeng'atwa, au umejikojolea. Na mpaka upimwe usiendeshe gari, usiogelee peke yako, usipande ngazi ndefu, hata kama unajiona mzima kabisa.