Msaada wa kijamii: uliopokelewa na unaotegemewa

Kwenye redio za Goma na Bukavu, na zaidi kwenye ripoti za mashirika, tunaambiwa familia fulani "zimepewa msaada wa kijamii", kisha orodha inasomwa: unga, mafuta, sabuni, turubai. Vitu hivyo ni vya lazima. Anayelaza watoto juu ya mawe ya volkano anahitaji turubai kabla ya maneno yote. Ila huo ni msaada wa vitu, na kuuita wa kijamii kunaficha jambo ambalo wanasaikolojia wamelichunguza kwa karibu nusu karne.

Mtafiti Sidney Cobb aliueleza mwaka 1976: msaada wa kijamii ni kile kinachomfanya mtu aamini kwamba anapendwa, anaheshimiwa, na yumo kati ya watu wenye wajibu wa kusaidiana. Mwaka 1981 James House akaugawa sehemu nne: wa moyo, wa vitendo, wa habari na mashauri, na wa kumwonyesha mtu anavyoendelea ili ajipime. Maana yenyewe inatosha hapo.

Panapochanganywa ni hapa: kuna msaada uliopokelewa, na kuna msaada unaotegemewa. Wa kwanza unaulizwa hivi: "Mwezi uliopita, nani alikupa pesa, alikupeleka hospitali, alibaki na watoto wako?" Wa pili unaulizwa hivi: "Ukiugua usiku wa manane, kuna mlango ambao ungeugonga bila kuogopa?" Mtu angedhani anayejibu vizuri swali la kwanza atajibu vizuri na la pili. Sivyo. Majibu hayo mawili yanafuatana kidogo tu, na ni la pili ndilo linaloenda kwa uthabiti zaidi pamoja na afya ya akili. Anayejua mlango upo, tatizo lilelile analiona dogo kuliko asiyeujua, hata kama hajawahi kuugonga.

Swali la kwanza, la msaada uliopokelewa, wakati mwingine linaonyesha kinyume kabisa, yaani waliosaidiwa sana ndio wenye huzuni zaidi. Sababu moja iko wazi: aliyesaidiwa sana mara nyingi ndiye aliyepatwa na makubwa, na mtafiti akihesabu misaada bila kuhesabu shida atasoma matokeo vibaya. Sababu ya pili inauma zaidi. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walitoa utafiti juu ya wapenzi wa New York, mmoja wao akijiandaa kwa mtihani wa uwakili. Kila siku kila mmoja aliandika peke yake kama ametoa au amepokea msaada. Moyo wa mwenye mtihani ulikaa vizuri zaidi pale mwenzake aliposema amemsaidia na yeye mwenyewe hakuona. Msaada unaoonekana una gharama: unamkumbusha mtu kwamba ameshindwa, na unamwachia deni. Mama anayeitwa kwa kipaza sauti mbele ya kartye (mtaa) nzima aje achukue mfuko wake, unga anaupata, lakini anarudi nyumbani na aibu ambayo hakuna ripoti inayoihesabu.

Wala wingi wa watu peke yake si kipimo. Sheldon Cohen na wenzake, mwaka 1997, waliwatia watu 276 wenye afya matone ya virusi vya mafua puani, baada ya kuhesabu wana aina ngapi za uhusiano: ndoa, wazazi, majirani, kazi, dini na kadhalika, aina 12 kwa jumla. Wenye aina tatu au chini yake waliugua zaidi kuliko wenye sita na kuendelea. Mwenye marafiki arobaini wote wa kanisa moja, kwa hesabu hiyo ana aina chache. Akigombana na kanisa hilo, wengi wanaondoka kwa siku moja.

Anayetaka kuuona msaada unaotegemewa ukifanya kazi hapa kwetu aangalie AVEC, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, iliyoendeshwa vizuri. Sanduku lina kufuli tatu na watunza funguo watatu. Pesa za hisa na mikopo zina mfuko wake. Mfuko wa jamii unakaa kando, kila mwanachama akiutia kiasi kilekile kila kikao. Huo hautoi mkopo wa faida. Unatoa kwa ugonjwa, kilio au moto, kwa viwango vilivyokubaliwa mwanzo wa mzunguko, ili mwenye msiba asilazimike kujieleza na kuombaomba. Majuma mengi hauguswi, na hata mwanachama ambaye hajachukua franga moja anafaidika nao, kwa sababu anajua upo. Unaharibika komite inapoukopesha kwa kuwa "pesa zinalala bure". Siku ya kilio sanduku linafunguliwa, hakuna kitu. Aliyefiwa anakosa pesa, na wengine wote ambao hawakuomba chochote wanapoteza ile imani waliyokuwa wakiichangia.

Kwa hiyo, ndugu mwandika ripoti, turubai liandikwe turubai na unga uandikwe unga. Hakuna aibu katika hilo. Neno msaada wa kijamii litumike pale ulipouliza swali la mlango, kabla ya mradi na baada yake, ukaandika watu walivyojibu.